Mguu umekatwa, lakini vidole vinauma

KATINDO, Goma – Kuna jambo ambalo watu waliokatwa mguu au mkono wanalisema kwa sauti ya chini, tena kwa mtu wanayemwamini tu: kiungo kimeenda, lakini kinauma. Kidole gumba kinawasha. Unyayo unaungua kama umekanyaga kaa la moto. Vidole vya mkono uliokwisha kuzikwa vimejikunja, na kucha zinachoma kiganja. Usiku mtu ananyoosha mkono ili ajikune, anakuta shuka tu. Asubuhi anakaa kimya, maana akisema, wa nyumbani watatazamana: kichwa kimeharibika, au kuna mtu anamchezea.

Hapa Katindo habari hii si ya mbali. Kartie yetu inashiriki jina na kambi ya wanajeshi na hospitali ya kijeshi, na miaka yote hii ya vita tumezoea kuona vijana waliokwenda mbele wakirudi na magongo. Wakati mapigano yalipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, majeruhi waliofikishwa hospitalini hawakuwa wanajeshi tu. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambayo kwa muda mrefu inafanya upasuaji wa vita pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilipokea mama waliopigwa na risasi nyumbani, watoto, na wahami wa vita waliokuwa wamekwisha kukimbia mara mbili au tatu. Wagonjwa walilazwa hata sakafuni. Wengi wao waliokoka kwa sababu daktari alikata kiungo kabla uozo haujapanda.

Kwa hiyo tuseme mapema, kwa ajili ya yule anayesikiliza kwenye simu na hajamwambia mtu: unachosikia kipo. Madaktari wanakijua, kina jina, na hakitoki kwa wazimu wala kwa mchawi. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 300 wakubali kukichunguza kwa makini, na historia hiyo inafaa kujulikana, kwa sababu kuchelewa kwao kunafanana sana na kuchelewa kwetu majumbani.

Mmoja wa madaktari wa kwanza kuliandika alikuwa Mfaransa, Ambroise Paré, katika karne ya 16. Alikuwa kinyozi-mpasuaji wa jeshi, maana siku zile wembe wa ndevu na kisu cha kukata mguu vilikaa mkoba mmoja. Paré anakumbukwa kwa kuacha kuunguza majeraha kwa mafuta ya moto, na kwa kufunga mishipa ya damu kwa uzi. Alitengeneza pia miguu na mikono ya bandia ya chuma. Katika kazi hiyo aligundua kwamba wagonjwa wake, muda mrefu baada ya kukatwa, walilalamikia maumivu katika sehemu isiyokuwepo. Aliandika alichoambiwa. Waliomfuata wengi walidhani ni kumbukumbu ya mgonjwa tu, au ndoto.

Mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 mpaka 1865. Risasi za wakati ule zilivunja mifupa vipande vipande, na wapasuaji walikata viungo kwa maelfu. Mjini Philadelphia daktari wa mishipa ya fahamu, Silas Weir Mitchell, alikaa na wanajeshi hao akawauliza maswali. Katika watu 90 aliowahoji, 86 walimwambia kwamba wanasikia kiungo kilichokatwa, wengine kikiuma, wengine kikiwa kimekaa tu mahali pake kama zamani.

Utafikiri alikimbilia kuchapisha jambo hilo kwenye jarida la madaktari. Hapana. Mwaka 1866 alilitoa kama hadithi ya kubuni, bila jina lake, katika jarida la kawaida: hadithi ya afisa mmoja, George Dedlow, aliyepoteza mikono yote na miguu yote. Wasomaji waliamini kwamba ni mtu wa kweli, na wengine walituma pesa za kumsaidia. Ni mwaka 1871 ndipo Mitchell alipoandika kwa jina lake mwenyewe na kukipa kiungo hicho jina la mzimu. Mpaka leo madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa wanasema membre fantôme. Jina hilo halikutusaidia sana sisi. Ukimwambia mama wa Masisi kwamba mguu wa mwanawe una mzimu, umemfungulia mlango wa kwenda kwa mtu wa maombi na kuku mkononi.

Wala tusidhani kwamba Wamarekani wenyewe walikuwa tofauti. Katika vijiji vyao vya wakati ule kulikuwa na imani kwamba kiungo kikizikwa kimepinda, mwenyewe atasikia kimepinda. Kwa hiyo watu walifukua mguu wakaunyoosha, wakauzika upya. Mimi siwacheki. Walikuwa wanamsadiki mgonjwa zaidi kuliko madaktari wengi walivyomsadiki. Walikosea sababu, lakini maumivu waliyakubali.

Na hapa kwetu? Hapa Kongo ya kukatwa viungo ina kurasa nzito kuliko zote. Wakati wa utawala wa Leopold II, watu wa mikoa ya mpira walikatwa mikono. Roger Casement, konsoli wa Uingereza, alipanda mto mwaka 1903, na ripoti yake ilitoka 1904. Ndani yake kuna kijana anayeitwa Epondo, aliyepoteza mkono wa kushoto. Casement aliambiwa na kijana mwenyewe na watu wa kijiji kwamba mlinzi wa kampuni ndiye aliyeukata. Utawala ulijibu kwa uchunguzi wake: eti aliumwa na nguruwe wa porini. Barua zilipanda na kushuka kati ya Boma, Brussels na London kuhusu mkono huo mmoja. Katika makaratasi hayo yote watu wanabishana nani aliukata. Sijaona popote mtu aliyemuuliza Epondo kama bado anausikia.

Tunataja hilo kwa sababu swali ni lile lile: nani ana neno la mwisho juu ya mwili wa mtu? Mwenye mwili, au anayeutazama?

Jibu la sayansi lilianza kuonekana mwaka 1937, mjini Montreal, Kanada. Mpasuaji Wilder Penfield alikuwa akifungua fuvu la wagonjwa walio macho, wengi wao wenye kifafa, na kugusa ubongo kwa umeme mdogo sana. Akigusa hapa, mgonjwa anasema: umenigusa mdomo. Akigusa pale: kidole. Ndivyo alivyochora ramani ya mwili mzima juu ya ubongo. Basi kisu cha daktari kinapokata mguu, kinakata mguu tu. Ramani inabaki. Ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipokea habari za unyayo iko pale pale, inangoja, na ikikosa habari au ikipata habari za fujo kutoka kwenye mishipa iliyokatwa, inapiga kelele. Kelele hiyo ndiyo maumivu. Kwa hiyo ni kweli kwamba jambo hili liko kichwani, lakini kama vile kuona kuko kichwani na kusikia kuko kichwani. Hakuna mtu anayesema kuona ni wazimu.

Jambo hili linawapata watu wengi, zaidi ya nusu ya waliokatwa kiungo. Kwa wengine linapungua baada ya miezi; kwa wengine linadumu miaka, linakuja na baridi, au uchovu, au mlio wa bunduki.

Dawa yake inaleta matatizo ya kipekee. Parasetamoli mara nyingi haifiki huko. Madaktari hutumia dawa zilizotengenezwa kwanza kwa ajili ya kifafa au huzuni kubwa, kwa sababu zinatuliza mishipa ya fahamu. Sasa fikiria: mgonjwa anafika nyumbani, kijana aliyesoma anachukua karatasi ya dawa, anasoma kwamba ni ya kifafa au ya huzuni. Familia inasema, kumbe! Tulijua ni kichwa. Mgonjwa anaacha vidonge. Afadhali munganga aeleze mbele ya ndugu kwa nini amechagua dawa hiyo, na ndugu wakubali kuuliza.

Kuna njia nyingine isiyo ya kidonge, na ndiyo inayonishangaza zaidi. Katika miaka ya 1990 daktari mwenye asili ya India anayefanya kazi Kalifornia, Vilayanur Ramachandran, alichukua kioo cha kawaida. Mtu aliyekatwa mkono mmoja anaweka kioo wima katikati, mkono mzima upande wa uso wa kioo, kigutu nyuma. Akitazama kioo anaona mikono miwili. Akifungua ngumi ya mkono mzima, macho yanaona ule mwingine pia unafungua. Na watu ambao ngumi yao isiyokuwepo ilikuwa imekaza kwa miaka, walisikia inalegea.

Mwaka 2007 madaktari wa jeshi la Marekani walijaribu njia hiyo kwa waliokatwa mguu. Watu 18 walimaliza jaribio, sita sita katika makundi matatu: wa kwanza walitumia kioo, wa pili kioo kilichofunikwa, wa tatu walifumba macho wakafikiria mguu unatembea. Dakika 15 kila siku, wiki nne. Wote sita wa kioo walisema maumivu yamepungua. Katika kundi la kioo kilichofunikwa alikuwa mmoja tu. Katika wale wa kufikiria, wawili walipata nafuu na wanne walizidi kuumia. Ni watu wachache, na tangu hapo uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba kioo hakimfai kila mtu. Wengine wanapata kizunguzungu, wengine wanalia wanapoona miguu miwili tena; hao waache. Aliyepoteza miguu yote miwili, kioo hakina cha kumwonyesha. Lakini kioo chenyewe ni kile cha kinyozi, hakihitaji umeme wala visa. Anayetaka kujaribu amuulize kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na kama kigutu chenyewe kinavimba, kinatoa usaha au kina joto, hiyo ni habari nyingine. Hapo ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mtu ambaye nafsi inasema mguu upo na mwili unasema haupo. Kuna watu wa upande wa pili wa jambo hili, na nilisita kuwaandika kwenye mji kama huu. Ni watu wenye mguu mzima, wenye afya, ambao tangu utotoni wanasema: mguu huu si wangu. Wanaonyesha hata mstari ambapo mwili wao unaishia. Mjini Falkirk, Uskoti, mpasuaji Robert Smith alikubali kuwakata wanaume wawili wa namna hiyo, mmoja mwaka 1997 na mwingine 1999. Habari ilipotoka magazetini mwaka 2000, watu waliwaka, na hospitali ikakataza upasuaji huo. Smith alijitetea kwamba wagonjwa hao, wakikataliwa, hujidhuru wenyewe ili mguu ukatwe kwa lazima.

Mtu wa Goma akisikia hivyo, anakasirika. Hapa mama anaomba daktari usiku kucha aokoe kidole kimoja cha mtoto, na huko mtu analipia mguu mzima uondolewe! Hasira hiyo naielewa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, OMS, limeiingiza hali hiyo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kuitambua si kuruhusu upasuaji. Juu ya hilo madaktari bado wanagombana, na wengi wanakataa. Wachunguzi kadhaa wanafikiri kwamba ramani ile ile ya ubongo inahusika: kwa hawa, kipande cha mguu ni kama hakikuchorwa vizuri. Kwa waliokatwa hapa kwetu, kilichorwa na hakifutiki. Kama hivyo ndivyo, hasira yetu kwao na aibu yetu juu ya wagonjwa wetu zinatoka chungu kimoja: tunaamini kwamba mwili ni kile tu ambacho jicho la jirani linaona.

Turudi mjini. Goma ina kituo cha Shirika la Umoja, ambacho wenyeji wengi wanakijua, na ambacho kwa msaada wa CICR kimewatengenezea watu wengi miguu na mikono ya bandia. Zamani miguu hiyo ilikuwa ya mti, ngozi na chuma, mizito, na mvua ya Goma iliiharibu. Tangu miaka ya 1990 CICR ilieneza ya plastiki inayoitwa polipropilini: myepesi, inavumilia maji, na fundi wa hapa anaweza kuitengeneza na kuirekebisha. Ukiwa unatembea juu ya makoro, mawe haya ya volkano yanayokata hata soli za viatu vipya, utaelewa kwa nini fundi wa karibu ana faida kuliko mguu wa bei kubwa kutoka Ulaya.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalitazamii. Ule mguu usiokuwepo, ambao unatesa usiku, mchana unaweza kuwa msaada. Wengi wanaojifunza kutembea na mguu wa bandia wanasema kwamba mguu wa zamani unaingia ndani ya ule wa plastiki kama unavyoingia kwenye buti. Wanausikia unakanyaga. Ndiyo maana kumwambia mtu “sahau ule mguu, umekwisha” ni shauri baya, hata likitoka kwa mtu mwenye nia njema. Ubongo wake unauhitaji ule mguu ili atembee.

Jamii ndiyo inayochelewa zaidi. Kijana aliyekuwa akisukuma chukudu kutoka Kibumba na viazi hapotezi mguu peke yake. Anapoteza jina aliloitiwa barabarani. Mwanamke anakatwa mkono, na wiki ya pili wakwe wanauliza nani atasonga ugali. Lugha yenyewe inashiriki: tunasema kilema, kipofu, kiziwi, majina yaliyopangwa pamoja na kiti na kikombe, wakati mwalimu na mkulima wako katika ngeli ya watu. Wengi sasa wanataka kuitwa watu wanaoishi na ulemavu. Ni maneno marefu, na mitaani hayajaingia, lakini yanaanza na neno mtu.

Kwenye sheria nchi yetu ilichelewa pia. Katiba ya 2006 iliahidi ulinzi maalum kwa watu hao. Sheria yenyewe ya kuwalinda na kuendeleza haki zao ilitangazwa tarehe 3 Mei 2022, miaka 16 baadaye. Wao hawakungoja. Kwenye Petite Barrière, mpaka wetu na Gisenyi, wachuuzi wenye ulemavu wamejijengea kazi: baiskeli ya magurudumu matatu inabeba mzigo ambao kichwa cha mtu hakiwezi, na wenzao wanasukuma. Pale sijawahi kusikia mtu akiwaita masikini. Wanaitwa wafanyabiashara, na wanabishana bei kama wengine.

Shida kubwa kwa sasa ni ya watoto. Mguu wa bandia wa mtu mzima unaweza kudumu miaka mitatu mpaka mitano. Wa mtoto unabadilishwa karibu kila miezi sita mpaka mwaka, kwa sababu mfupa unakua na bandia haikui. Mtoto aliyepewa mguu wakati familia ilikuwa kwenye mahema ya pembeni ya Goma, na kambi zikavunjwa mwanzoni mwa 2025, leo labda yuko Masisi au Rutshuru, siku nzima ya njia mpaka kwa fundi. Akichelewa, bandia inambana, ngozi ya kigutu inachubuka, anaivua, anarudi kwenye gongo. Wazazi wanaosikia habari hii wasiitupe ile bandia ya zamani, hata kama imekuwa ndogo; waje nayo, pamoja na karatasi ya hospitali ikiwa bado ipo. Na wamuulize mtoto kama ule mguu mwingine unamuuma usiku. Watoto wengi hawasemi mpaka waulizwe.